Karanga za Saa Kumi kwenye Kibanda cha Betri

Mke wangu ananihesabia karanga. Sitanii. Kila siku saa kumi jioni Mama Atu anatoka jikoni na kisahani, anakaa kwenye kigoda mbele yangu pale barazani, anahesabu kwa sauti kama anamfundisha mtoto wa chekechea: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili. Zikiwa makadamia, tano tu. Nikinyoosha mkono kuchukua ya kumi na tatu ananichapa vidole. "Baba Atu! Daktari alisemaje?" Mzee mzima, nina wajukuu saba, nachapwa vidole kwa ajili ya karanga.

Na mimi ndiye niliyekula karanga nyingi kuliko fundi yeyote wa Tukuyu. Kopo kila siku ya kazi, kwa miaka mingi, nikiamini kwamba zinanilindia figo zisiharibiwe na risasi. Leo figo zenyewe zimechoka, na daktari anasema figo zikishachoka hata chakula kizuri kinapimwa, maana karanga zina chumvichumvi zake ambazo figo kama zangu zinashindwa kuziondoa. Cheka ukitaka. Mimi huwa nacheka.

Nikisema risasi sina maana ya bunduki, jamani. Nasema ile metali laini ya kijivu iliyojaa ndani ya betri ya gari. Nimeishika kwa mikono hii tangu nikiwa na miaka ishirini na nane mpaka nilipomwachia kibanda Lugano, mtoto wa mdogo wa kike wa mke wangu. Lugano ndiye aliyeniomba niandike kitu cha kuwasomea vijana wenzake wa kikundi cha betri na sola. "Baba, tuandikie ya zamani, watu wacheke kidogo," akaniambia. Haya basi, nitawachekesha. Lakini nitawaambia pia jambo ambalo hata mke wangu mwenyewe halijui, na limenikaa kifuani kama kipande cha risasi tangu tulipomzika Mzee Ambakisye. Nyie mtalijua kabla yake. Najua si sawa. Nitafika huko.

Nianze na mzee mwenyewe. Ambakisye alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega mapana, aliyejifunzia kazi Kiwira kwenye malori kisha akaja kufungua kibanda Tukuyu, hatua chache kutoka stendi. Mimi nilikuwa nimetoka kuchuma chai, mgongo unaniuma, nina mke na mtoto mmoja. Nikamwendea nikamwambia, tata, yaani baba, nifundishe. Akaniangalia suruali. "Unazo ngapi?" Nikamwambia mbili. "Hazitoshi," akasema, akarudi kufanya kazi yake.

Nilidhani ananifukuza. Kumbe ananipa somo la kwanza. Maji makali ya betri yakikurukia kwenye nguo huoni kitu. Suruali inabaki nzima, unaivaa, unaringa nayo. Siku ikifuliwa ndipo inapokutangaza. Mimi nilikwenda ibadani Jumapili na suruali niliyooa nayo, kwa sababu Jumamosi niliivaa "kwa dakika mbili tu" kumsaidia mzee kumimina asidi. Mama Atu aliifua jioni hiyohiyo, akaikausha juu ya jiko maana mvua haikukatika. Tuliposimama kuimba, nikasikia upepo mahali ambapo upepo haupaswi kufika. Nilipokaa, kitambaa kikaachia paja zima. Nilitamani ardhi ipasuke! Mzee Ambakisye alikuwa safu ya nyuma yangu. Aliimba wimbo wote ule huku machozi ya kicheko yanamtoka, watu wakadhani ameguswa na Roho.

Siku zile betri hatukutupa. Nyie sasa betri ikifa mnaipeleka kubadilisha, mnaongeza hela, mnaondoka na mpya. Sisi tulikuwa tunaifufua. Unapasha lami ya juu mpaka inalainika, unaibandua kwa bisibisi, unang'oa selo iliyokufa, yaani chumba kimoja cha ndani, kama unavyong'oa jino. Zile sahani za ndani unazikagua moja moja. Zilizooza unatoa, nzuri unaziosha, unaziunga na nyingine, halafu unayeyusha risasi kwenye kikaango juu ya mkaa na kumimina kwenye kalibu ndogo ili upate vichwa vipya vya betri. Risasi ikiiva inang'aa kama kioo, na ukiidondoshea kijiti cha kiberiti kinaungua mara moja. Hapo unamimina bila kutetemeka. Ukitetemeka kichwa kinatoka na tundu, na mwenye gari anarudi keshokutwa na matusi.

Sasa mnajua mvua ya Tukuyu. Inanyesha asubuhi, inapumzika kula mchana, inarudi. Tone moja la maji likidondokea kwenye risasi iliyoyeyuka linalipuka, linakurushia moto usoni. Kwa hiyo tulifanya nini sisi mafundi hodari? Tulifunga mlango. Tulikaa ndani na jiko letu na kikaango chetu, moshi unatuzunguka, tunapiga soga, nje mvua inapiga bati. Jamani, nikikumbuka zile adhuhuri! Harufu ya lami, chai ya tangawizi kwenye birika, mzee anasimulia habari za dereva mmoja aliyesukuma lori kutoka Kiwira mpaka Tukuyu kwa sababu ya nyaya alizofunga kinyume. Uongo mtupu, lori halisukumwi kupandisha ule mlima. Lakini mzee alikuwa anaisimulia vizuri mno hata mimi nilikuwa naiamini mpaka kesho yake. Ningepewa leo adhuhuri moja kama zile ningeipokea kwa mikono miwili. Ningefungua mlango tu.

Mambo tuliyofanya kwa ujinga ni mengi. Kifaa cha kupimia ukali wa asidi kilikuwepo, kile cha kioo chenye kielea ndani, lakini kilivunjika na mzee akasema haina haja. Alikuwa anachovya ncha ya kidole, anagusa ulimi, anatafakari kama mpishi anayeonja chumvi kwenye mbalaga, zile ndizi zetu za kupika. "Bado kidogo." Na sikufichi, alikuwa hakosei! Tulipokuja kununua kifaa kingine nikapima nyuma yake, kikasema vilevile kama ulimi wake. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa jambo lolote. Usijaribu. Meno yake yalikwisha kabla hajafika miaka sitini.

Kwamba risasi ni sumu tulikuwa tunajua, msidhani hatukujua. Tulijua kama mtu anavyojua kwamba atakufa. Mafundi wote wa zamani walikuwa na dawa moja, maziwa. Ukimaliza kuyeyusha unapiga kikombe cha mtindi, "yanakamata sumu tumboni, yanateremka nayo." Kwetu maziwa hayana shida, kila nyumba ina ng'ombe, basi tukawa tunajiona salama kuliko mafundi wa miji mikavu.

Halafu akaja mwalimu. Mwalimu wa sayansi aliyehamishiwa kwetu kutoka Mara, mrefu, mwenye pikipiki ambayo betri yake ilikuwa inakufa kila mwezi. Alikuwa msomaji wa magazeti. Siku moja akiwa anasubiri betri yake akatuambia amesoma mahali kwamba karanga, korosho na jamii yake zina vitu vinavyosaidia figo kupambana na sumu za metali kama risasi. "Mzee, kuleni karanga. Figo zenu zitawashukuru." Akalipa, akaondoka zake. Wala sidhani kama alilikumbuka neno lake hata alipofika kwake.

Lakini mimi nililibeba mpaka nyumbani. Nikamwambia Mama Atu wakati anapakua. Mke wangu kwao ni Masukulu, kule chini kwenye joto, na mama yake alikuwa analima karanga. Akaendelea kupakua. Alikuwa ananiogopea muda mrefu, nilijua, maana kila nikikohoa aliacha alichokuwa anafanya. Jumamosi ile alishuka kwao, akarudi na nusu gunia kichwani. Tangu Jumatatu nikawa natoka nyumbani na kopo. Alikuwa anaamka alfajiri, anazikaanga na chumvi na mchanga kwenye chungu mpaka mtaa mzima unanukia. "Nusu yako, nusu ya mzee," alikuwa ananiambia kila siku, kila siku, kama vile ningesahau. Alimpenda mzee yule. Wakwe zangu walikataa niache kazi ya chai, mzee ndiye aliyekwenda kuwaambia kwamba nitakuwa mtu.

Ikawa desturi ya kibanda. Saa kumi jioni kazi inasimama. Wenye betri zao wanajua, wanakaa kwenye benchi wanasubiri. Mimi nafungua kopo, namimina karanga kiganjani, nasugua kiganja kwa kiganja mpaka maganda mekundu yanaachia, napuliza, maganda yanaruka mpaka mlangoni. Na mnajua kwetu mdogo hamwachii mkubwa ajimenyee. Vidole vya mzee vilikuwa vimekakamaa, meno ndiyo hayo niliyosema. Kwa hiyo nilikuwa namsugulia yeye kwanza. Nachagua nono, nazisugua vizuri, nazipuliza mpaka zinang'aa, namwekea kiganjani kwa mikono miwili. "Ndaga fijo, mwanangu," anasema. Asante sana, mwanangu. Baba yangu mwenyewe hakuwahi kuniita hivyo kwa upole ule. Mimi nilikuwa nakula zilizobaki, zilizovunjika.

Mikono yenyewe? Tulijifuta. Kulikuwa na tambaa linaning'inia kwenye msumari.

Naona wengine mmeshaanza kunyamaza hapo mlipo. Subirini.

Mzee alianza na miguu. Viatu vikawa havimwingii. Akasema ni uzee, akanunua sandali. Baadaye uso ukawa unavimba asubuhi na kushuka jioni, presha ikapanda, akawa hamalizi chakula. Nilimwongezea karanga. Naam, nilimwongezea! Mama Atu aliposikia mzee hajisikii vizuri akatafuta kopo kubwa zaidi. Mwishowe watoto wake wakampeleka hospitali, wakapima damu na mkojo, wakakuta figo zimekwisha sehemu kubwa.

Aliyekuwa anamtibu alikuwa daktari msichana, mgeni kwetu, kwao Singida. Nitamwita Daktari Rehema. Siku moja alikuja kibandani kwa miguu yake. Alisema anataka kuona mzee alifanyia kazi wapi. Nilifurahi, nikampangusia benchi, nikamwonyesha kikaango, kalibu, kila kitu, najisifia. Alikuwa anatikisa kichwa tu, anaandika. Saa kumi ikafika. Nikatoa kopo, nikamsugulia karanga za heshima, nikampa.

Hakupokea.

"Baba, mna beseni jeupe?"

Nikasema nitaazima kwa mama ntilie. Nikaleta beseni, maji na kipande cha sabuni. Akaniambia, "Naomba unawe, baba. Taratibu, na kati ya vidole." Nikanawa huku nashangaa kisa hiki. Maji yakabadilika. Kwanza yakawa kama maji ya majivu, kisha yakawa mazito, na pembeni pakajikusanya uji wa kijivu unaometa kidogo. Akamwaga, akasema tena. Nikanawa tena. Yakawa vilevile. Mara ya nne ndipo yalipoanza kuwa maji.

"Na mlikuwa mnakula na mikono hiyo?"

"Tunajifuta, mwanangu." Nikamwonyesha tambaa. Lilikuwa jeusi kuliko mikono.

Hakunikemea. Afadhali angenikemea. Alikaa karibu yangu akanieleza polepole. Karanga hazina kosa, alisema. Ni chakula kizuri, na wapo wataalamu wanaoendelea kuchunguza kama kweli zinaisaidia figo dhidi ya sumu ya namna hii. Wakimaliza watatuambia. Tena mtu aliyekula akashiba, risasi haimwingii mwilini kirahisi kama mwenye njaa. Lakini hakuna karanga, wala maziwa, wala dawa ya mwituni ya kushindana na mkono uliojaa risasi ukiingia mdomoni kila siku. Risasi inakwenda kukaa kwenye mifupa, figo zinahangaika kuichuja mwaka baada ya mwaka, hazipigi kelele, na siku zikipiga kelele zimeshachelewa. "Dawa yenu mlikuwa mnaipaka sumu, baba, halafu mnaimeza."

Kisha akauliza swali ambalo sikulitaka. "Nani alikuwa anasugua?"

"Mimi."

"Na za mzee?"

Nikaitazama mikono yangu. Akaelewa. Akaniwekea mkono begani, binti ambaye ningeweza kumzaa, akasema moshi nao ulikuwa na sehemu yake, na mzee alianza kuuvuta kabla mimi sijazaliwa kwenye kazi hii, nisijibebeshe yote. Alikuwa mtu mwema. Lakini mimi nilikuwa naangalia lile beseni.

Mzee hakumaliza miezi minne. Tulimzika kwao, kwenye migomba, mvua inanyesha. Wakati wa kurudi Mama Atu alinishika mkono njiani, macho yamemvimba kwa kulia, akaniambia, "Angalau karanga zangu zilimsogezea siku. Eti, Baba Atu?"

Nyie mngesemaje? Mimi nilimwambia, "Zilimsogezea."

Hilo ndilo jambo lenyewe.

Niliporudi kazini nilibadilisha kila kitu. Mlango wazi hata mvua inyeshe vipi. Beseni, ndoo yenye koki, sabuni. Nguo za kazi zinabaki kazini. Tambaa nilichimbia shimo. Baadaye zikaja betri zilizozibwa moja kwa moja, kuyeyusha kukapungua, nikashukuru Mungu. Nyumbani nilimwambia mke wangu, "Daktari anasisitiza usafi." Basi. Akaendelea kukaanga, nikaendelea kula, ila sasa nanawa. Na akawa mwalimu! Kila mke wa fundi betri, fundi rangi, muuza chuma chakavu aliyekutana naye kanisani au sokoni, alimwambia, "Mkaangie mumeo karanga, zinalinda figo. Sisi tuliiona kazi yake." Mimi nilikuwa nikiyasikia hayo natazama viatu vyangu.

Lugano alipoingia kibandani nilimwambia anawe mikono. Sheria ya kwanza, nikamwambia, nawa. Kwa nini, sikumwambia. Angemwambia mama yake mkubwa siku hiyohiyo, yule kijana hana kifua. Nikampa sheria, sababu nikabaki nayo mwenyewe.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo, nikidhani nimekaribia kumaliza. Nilitaka kuwaambia muende mkapime damu, muwasalimie wake zenu, kwaheri. Yaliyofuata sikuyapanga.

Siku hiyohiyo saa kumi Mama Atu alikuja na kisahani, makadamia tano. Mti wenyewe aliupanda yeye nyuma ya nyumba siku nyingi, aliposikia zinawafaa wagonjwa wa figo kuliko karanga nyingine, na ndiyo kwanza umeanza kuzaa sana. Akahesabu, nikala mbili. Akaangalia daftari. "Siku ya tatu hii unaandika tu. Nisomee."

"Ni mambo ya betri, Mama Atu, yatakuchosha."

"Nimekuwa mke wa betri maisha yangu yote. Soma."

Nikasoma. Kwenye suruali alicheka mpaka akashika mbavu. Kwenye Masukulu akatabasamu. Nilipofika kwenye beseni nikataka kuruka ukurasa, lakini alikuwa ameshaniona. "Soma yote." Nikasoma yote, mpaka njia ile ya kutoka mazikoni, nikaishia kwenye viatu vyangu.

Akalichukua daftari, akalifunga. Halafu akasema, "Yaani mzee alikuwa anakula sumu kwenye karanga zangu."

"Kwenye mikono yangu. Karanga zako hazikuwa na kosa. Daktari alisema."

"Ukaniacha niwaambie watu."

Nikatazama viatu vyangu tena.

"Nimewaambia wanawake wangapi, Baba Atu? Nimewaambia wawape waume zao karanga, sijawaambia habari ya mikono, kwa sababu sikuijua! Na Lugano? Kila Jumatatu nampelekea kopo Lugano. Na mkewe ana mimba!"

"Lugano nilimwambia anawe."

"Ulimwambia kwa nini?"

Nikatikisa kichwa. Akachukua kisahani mkononi mwangu, akakiangalia, makadamia tatu zilizobaki. Nyeupe, safi, nzuri. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Hizi unadhani napasulia wapi?"

Sasa, makadamia mnaijua. Ganda lake ni gumu kama chuma, jino haliliwezi, nyundo inairusha mpaka kwa jirani. Sikuwahi kujiuliza. Kila siku nilikuwa naletewa zimeshamenywa.

"Nazipeleka kwa Lugano," alisema. "Ananibania kwenye jiliwa, zinapasuka vizuri, hazivunjiki. Anazitoa ganda kwa vidole, ananiwekea kwenye mfuko."

Jiliwa ile! Jiliwa yangu, koleo kubwa ya mezani iliyobana vichwa vya risasi vikipigwa tupa tangu enzi za mzee, meno yake yamejaa unga wa kijivu ambao hakuna aliyewahi kuuosha. Nilinawa mikono miaka yote hiyo, nikachimbia tambaa, nikafungua mlango mvua ikaninyeshea mgongoni, na sumu ikanifuata mpaka barazani kwangu, kwenye kisahani, imehesabiwa tano tano. Na zile mbili nilikuwa nimeshazimeza.

"Ungeniambia tu," alisema Mama Atu, "ningepasulia jiwe."

Akasimama. Hakulia, hakugombana. Akaingia ndani akatoka na beseni letu jeupe na mche mzima wa sabuni, akajifunga khanga, akaanza kushuka kuelekea stendi. Nilimfuata kwa mkongojo wangu, namwita, hageuki. Watu wanasalimia, "Mugonile, mama!" Anaitikia kwa mkono tu.

Tulimkuta Lugano amekaa pale pale nilipokuwa nakaa, kopo liko wazi, mteja yuko kwenye benchi. Kiganja juu ya kiganja, anasugua. Akatuona akapuliza maganda haraka, akainuka. "Shikamoo mama mkubwa. Karibuni karanga."

"Zimwage hizo. Njoo unawe."

"Nilinawa asubuhi, mama."

"Njoo unawe!"

Akapiga magoti mbele ya beseni. Mke wangu akamshika mikono akamwosha yeye mwenyewe, kati ya vidole, chini ya kucha, kama alivyokuwa anawaosha watoto wetu. Nilikuwa najua kitakachotokea, na bado nilipoona maji yanageuka kijivu ilibidi nikae kwenye benchi na yule mteja. Mama Atu aliyatazama yale maji muda mrefu. Halafu akaniangalia mimi. Sitasahau alivyoniangalia.

"Mwambie," akasema.

Nikamwambia Lugano kila kitu, mteja naye akisikiliza. Alipoelewa alifuta mikono kwenye hewa, maana aliogopa kuigusa suruali. "Baba," akasema, "mbona ungenieleza, ningenawa. Mimi nilidhani ni ile adabu ya wazee tu." Kesho yake alikwenda kupima, yeye na mkewe. Majibu hayajatoka. Tunasubiri, na sikujua kusubiri kuna uzito gani mpaka niliposubiri huku.

Mama Atu sasa anazunguka. Ameanza na wale wanawake wa kanisani, nyumba kwa nyumba, mpaka Kisiba anakwenda. Anabeba beseni. Hasemi karanga ni mbaya, anasema wapeni, ila waoneni kwanza maji ya mikono yao. Mimi hakunisemesha siku mbili, wala karanga sikuziona. Niliandika ukurasa huu wa mwisho na njaa ya saa kumi, kwa hiyo mwandiko ukiwa mbaya mnisamehe.

Leo amekuja. Ameleta kisahani, kopo la karanga, na jagi la maji na sabuni, akanawisha mikono yangu ambayo haijagusa betri tangu nistaafu. Sikubisha. Akanawa na yeye. Akazisugua karanga kiganjani, akapuliza, maganda yakarukia kwenye maua, akahesabu taratibu mpaka kumi na mbili. Akasita. Akatoa moja nono koponi, akaisugua peke yake mpaka ikang'aa, akaiweka pembeni ya kisahani.

"Hiyo ya Mzee Ambakisye," akasema.

Safari hii ya kumi na tatu sikuinyooshea mkono.